Simu Mkononi, Mtoto Mapajani

Kama una sufuria motoni, iepue kwanza kisha uketi, maana leo tuna mengi ya kuzungumza.

Tumekwisha kuzungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya mtoto. Leo nataka tutazame kitu ambacho hukipati katika orodha ya magonjwa, lakini mimi hukiona kila asubuhi kliniki tunapowapima watoto uzito. Ni simu ya mkononi, na hasa zile programu za mitandao ya kijamii zilizomo ndani yake: Facebook, WhatsApp, TikTok, Instagram, YouTube na nyinginezo.

Usidhani nimekuja kukuambia uitupe simu yako. Hata mimi ninayo. Simu ndiyo humwita mtu wa bodaboda usiku uchungu wa uzazi unapoanza. Simu hutuma pesa za dawa kwa M-Pesa kutoka mjini hadi kijijini kwa dakika moja. Ninachokizungumzia ni zile saa ambazo simu hukuchukua bila wewe kukusudia, na yale maneno inayokuletea ambayo hukuyaomba. Hayo mawili yana gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mtoto.

Pengine umejiuliza kwa nini ni vigumu sana kuiweka chini. Ulisema utaangalia ujumbe mmoja tu, ukaja kushtuka mboga zimeungua. Sababu ni hii: hulipi chochote kufungua Facebook au TikTok, ila bando tu. Wenye kampuni hupata fedha zao kutokana na matangazo ya biashara, na kadiri unavyokaa ndivyo wanavyokuonyesha matangazo mengi. Kwa hivyo programu hizo zimeundwa ili ukae. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Hata kipindi hiki kitaisha na wimbo upigwe. Lakini TikTok haina mwisho. Video moja ikiisha unasukuma kwa kidole na nyingine iko tayari, na kila ulichokitazama kwa muda mrefu hukumbukwa ili utafutiwe kingine kinachofanana nacho. Basi usijione mjinga. Unashindana na watu waliosomea kazi ya kukushika macho.

Sasa tuanze na mtoto mchanga.

Mtoto aliyezaliwa juzi huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Hebu pima umbali huo kwa mkono wako. Ni kama kutoka kwenye titi lako hadi usoni pako. Kwa hivyo anaponyonya, kitu anachoweza kukitazama vyema kuliko vyote duniani ni uso wako. Akitoa sauti ukamjibu, akikutazama ukatabasamu, ubongo wake unajifunza kwamba sauti yake huleta jibu. Lugha huanzia hapo, miezi mingi kabla ya neno la kwanza.

Huko Marekani, katika miaka ya 1970, mtaalamu wa watoto Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha kwa dakika chache wawatazame bila kuonyesha dalili yoyote usoni: bila kucheka, bila kukunja uso, bila kusema neno. Watoto walijaribu kila njia kumrudisha mama. Walitabasamu, walinyoosha mikono, walipiga kelele. Waliposhindwa waligeuza uso, na wengine wakalia. Wakati huo hakuna aliyekuwa na simu ya mkononi. Lakini hebu mtazame mtu anayesoma simu, jinsi uso wake unavyokaa. Unakuwa kama huo.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wauguzi huliona upesi. Mama ananyonyesha huku jicho liko kwenye simu, na mtoto ameshika ncha ya chuchu peke yake badala ya kujaza mdomo kwa sehemu nyeusi inayoizunguka. Mama hana habari. Baada ya siku chache chuchu zimechubuka, mtoto hatoi maziwa ya kutosha, uzito hauongezeki, na mama anakuja kuniambia, "Sista, mimi sina maziwa." Maziwa anayo. Kilichokosekana ni jicho la kuona kidevu cha mtoto kimegusa titi, mdomo umefunguka sana na mashavu yamejaa.

Vivyo hivyo na dalili za njaa. Mtoto hasubiri kulia ndipo awe na njaa. Kwanza hugeuza kichwa akitafuta titi, hulamba midomo, hutia ngumi mdomoni. Kulia huja mwisho, na mtoto anayelia kwa nguvu ni vigumu kumshikisha titi. Mama anayemtazama mtoto huziona dalili za kwanza, lakini aliye katika simu huzisikia za mwisho.

Najua kuna mama anayesema, "Sista, mtoto ananyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, mchana na usiku, nami niketi tu nikitazama ukuta?" Ni kweli, na upweke wa kunyonyesha naujua. Siwezi kukuambia usiiguse simu kamwe. Ninachokuomba ni mwanzo wa kila kunyonyesha. Mshikishe mtoto vizuri, mtazame, mzungumzie mpaka unyonyaji utulie. Akishalala titini, basi, soma ujumbe wako. Na redio, kama unavyojua, haihitaji macho.

Mtoto akikua kidogo, simu huhama kutoka mkononi mwako hadi mkononi mwake. Analia, unampa katuni. Anakataa uji, unamwekea video ili afungue mdomo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe kioo cha simu wala televisheni hata kidogo. Wa mwaka mmoja vilevile. Kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Mtoto anayelishwa akitazama video humeza bila kujua kama ameshiba au bado, naye huzoea kwamba bila video hakuna kula. Kuhusu kulia: mtoto anayetulizwa kwa simu kila mara hakosi kutulia, lakini hajifunzi kutulia mwenyewe. Mpe kijiko na sufuria tupu apige. Kelele ni nyingi, nakubali.

Nalisema lingine kwa haraka, kisha tuendelee. Mtoto anayezama majini hapigi kelele. Karai la kufulia, ndoo ya maji, pipa la mvua: maji ya kina kidogo tu yanatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea, na huchukua dakika chache. Unapofua, unapomwogesha, na jiko linapowaka, simu ikae ndani ya nyumba. Hata ikilia. Aliyepiga atapiga tena.

Sasa tuje kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni dawa za simuni.

Aliletwa kituoni kwetu mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyemwagikiwa chai ya moto kifuani na mkononi. Ilikuwa siku ya tatu tangu aungue. Mama yake alikuwa ametumiwa video katika kundi la WhatsApp, na ndani yake mwanamke mwenye sauti ya upole alionyesha jinsi ya kutibu kidonda cha moto kwa dawa ya meno na ute wa yai. Mama alifanya yote aliyoelezwa, tena kwa uangalifu. Mtoto alipofika alikuwa na homa, kidonda kimeoza chini ya ile gamba nyeupe iliyokauka, na ilitubidi kuibandua kidogo kidogo. Alipona baada ya kulazwa hospitali ya wilaya ya jirani, lakini kovu limevuta kiwiko chake na mkono haunyooki sawasawa.

Mama yule hakuwa mzembe. Alimpenda mtoto wake na alichukua hatua mara moja. Shida ni kwamba hatua ile aliipata mahali ambapo hakuna wa kumuuliza, "Mtoto ana miaka mingapi? Ameungua wapi?"

Shika basi huduma ya kwanza ya kuungua. Mwondoe mtoto kwenye moto au maji moto, vua nguo iliyolowa isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yawe yanatiririka, kwa dakika 20. Ishirini kamili, tazama saa. Usitumie barafu. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta, unga wala asali. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mwili uliobaki asipate baridi, mlete hospitali.

Uvumi juu ya chanjo nao umetuchosha. Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Kabla sindano hazijafika vituo vingi, ujumbe ulikuwa umekwisha kufika kwenye simu ukisema wasichana wetu watakuwa tasa. Chanjo hiyo haigusi uzazi. Inalinda mlango wa kizazi, na sisi tunaowaona akina mama wakiletwa na saratani hiyo ikiwa imechelewa tunajua inalinda kutoka nini. Mwezi wa Julai mwaka 2025 mambo yakawa yaleyale. Serikali ilifanya kampeni ya chanjo ya ukambi na rubela kwa watoto wa chini ya miaka mitano, pamoja na chanjo mpya ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Tulikuta milango iliyofungwa. Ukibisha, mama anachungulia dirishani na kukuonyesha simu yake: "Soma hapa."

Mama akiniuliza swali juu ya chanjo mimi hufurahi, kwa sababu ni haki yake kujua anachodungwa mtoto wake. Ila swali liulizwe mahali penye jibu. Ukambi ni ugonjwa unaoenea kwa hewa, na mtu mmoja mgonjwa anaweza kuwaambukiza hadi watu tisa kati ya kumi walio karibu naye wasio na kinga. Mtoto aliyefichwa chumbani siku ya chanjo hafichiki siku ya ukambi.

Jambo la tatu ni maziwa ya kopo. Tangu mwaka 2012 tunayo sheria hapa Kenya inayodhibiti utangazaji wa maziwa yanayochukua nafasi ya maziwa ya mama. Ndiyo maana huoni mabango yake kliniki. Lakini simu haina ukuta. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza jinsi makampuni ya maziwa hayo yanavyowafikia akina mama kupitia mitandao ya kijamii: kwa makundi ya ushauri wa watoto, na kwa kuwalipa watu maarufu waeleze jinsi watoto wao "wanavyolala usiku kucha". Wewe unaona dada mwenzako anasimulia maisha yake, kumbe ni tangazo la biashara. Na tangazo hilo hukujia saa nane usiku, mtoto analia na chuchu zinauma. Kwa miezi sita ya kwanza maziwa yako pekee yanatosha, bila hata maji. Ukiona hayatoki, njoo kwetu au umwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akutazame ukinyonyesha. Mara nyingi ni kumweka mtoto vizuri tu.

Kuna pia dawa za kupunguza tumbo baada ya kujifungua, na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo huuzwa Facebook na kuletwa na mtu wa bodaboda mpaka mlangoni. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nayo huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Chupa isiyo na orodha ya vilivyomo, usiinunue hata kama picha ya kabla na baada inakuvutia.

Utajuaje basi ujumbe wa kweli na wa uongo? WhatsApp yenyewe imekusaidia kidogo. Ukiona mishale miwili midogo juu ya ujumbe, maana yake umepita kwa watu wengi kabla ya kukufikia, na aliyekutumia si aliyeuandika. Hata akiwa mchungaji wako au mama mkwe, yeye ameupitisha tu. Kisha jiulize: anayesema ni nani, na anafanya kazi wapi? "Daktari mmoja wa Nairobi" si jina la mtu. Je, ana kitu anauza? Je, ananihimiza nitume kwa watu kumi upesi? Ukimaliza maswali hayo na bado una shaka, uhifadhi ujumbe huo na uje nao kliniki. Nionyeshe. Sitakucheka. Ningependa uniletee ujumbe kumi wa upuuzi kuliko ukae nyumbani na mmoja.

Na hizi dalili nne, mama, usizitafutie ushauri katika kundi lolote. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Mtoto anayetapika kila kitu anachopewa. Mtoto aliyepata degedege. Mtoto aliyelegea sana, au aliyepoteza fahamu. Ukiona hata moja, usiandike "wenzangu nisaidieni, mtoto wangu anafanya hivi" kisha ungoje majibu. Simu itumie kuita bodaboda au gari. Majibu ya kundi utayasoma ukiwa hospitalini.

Tumwache mtoto kidogo tukutazame wewe.

Mama wa mtoto mchanga hulala vipande vipande. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa awamu fupi, na kila awamu ni nafasi yako ya kufumba macho. Sasa hesabu: mtoto amelala saa mbili usiku, wewe ukachukua simu, ukaiweka chini saa nne na nusu, saa tano anaamka. Umepoteza usingizi ambao hakuna atakayekurudishia. Mwanga wa kioo nao huuambia ubongo kwamba bado ni mchana, kwa hivyo hata ukiweka simu chini usingizi hauji upesi. Kesho yake una hasira, unamfokea mtoto mkubwa, unasahau dawa.

Kisha kuna jambo la moyo. Unafungua Instagram unamwona mama aliyejifungua mwezi mmoja na wako. Tumbo limerudi, nyumba inang'aa, mtoto amevaa nguo nyeupe isiyo na doa. Nawe uko na leso ya juzi na nywele hujazigusa. Kumbuka kwamba ile ni picha moja iliyochaguliwa kati ya nyingi, na kwamba nyuma ya aliyepiga picha pengine kuna rundo la nguo chafu kama lako. Lakini najua maneno hayo hayatoshi mtu akiwa amechoka. Ukiona huzuni imezidi majuma mawili, hutaki kula, hutaki kumshika mtoto, au unawaza kujidhuru wewe au yeye, huo ni ugonjwa wa kawaida baada ya kujifungua na una matibabu. Mwambie muuguzi. Usiseme "ni uchovu tu". Na katika siku hizo, makundi na kurasa zinazokufanya ujione si kitu, ondoka. Huhitaji kuaga.

Kuhusu watoto wakubwa nitasema machache, kwa sababu tutawatengea kipindi chao. Facebook, Instagram na TikTok zenyewe zinasema mtoto awe ametimiza miaka 13 kabla ya kujiandikisha. Kwa hivyo kama wako wa darasa la tano ana ukurasa, alidanganya umri, au aliyemfungulia ndiye aliyedanganya. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilizotolewa na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen, zilionyesha kwamba kampuni ilikuwa imejua Instagram inawafanya baadhi ya wasichana wauchukie zaidi mwili wao. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alionya kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa tatu kwa siku katika mitandao hii wako katika hatari mara mbili ya matatizo ya akili kama wasiwasi na huzuni. Australia imeenda mbali zaidi: tangu Desemba 2025 sheria yake inayataka makampuni yawazuie watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na kurasa.

Kinachotuhusu sisi moja kwa moja ni mtu asiyejulikana anayeanza urafiki na msichana au mvulana wako, anaomba picha ya uchi, kisha anatishia kuisambaza asipotumiwa pesa. Ikitokea, jambo la kwanza usimpige mtoto. Mtoto anayeogopa kipigo ndiye anayeendelea kulipa kimyakimya, na wengine hufikiria kujiua. Msimtumie mtu huyo hata shilingi. Msifute ujumbe wake, kwa sababu ndio ushahidi. Nendeni polisi, au piga simu 116, nambari ya kuwasaidia watoto hapa Kenya. Haina malipo, na huwa wazi usiku na mchana.

Nawe pia, kabla ya kuweka picha ya mtoto wako, itazame mara mbili. Picha ya mtoto akioga ni tamu kwako, lakini hujui inahifadhiwa na nani. Picha yenye sare na jina la shule humwambia mgeni mahali pa kumpata mtoto saa kumi jioni. Na nimeona mama mwenye furaha akiweka mtandaoni ukurasa wa kitabu cha kliniki, jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu ya mama, vyote pamoja.

Sasa ufanye nini nyumbani? Jambo rahisi kuliko yote ni hili: zima data, usizime simu. Data ikizimwa, WhatsApp na TikTok hunyamaza, lakini simu za kawaida zinaingia, ujumbe mfupi unaingia, na M-Pesa inafanya kazi. Kwa hivyo ile sababu ya "nikizima, mume wangu atanipataje?" haipo tena. Jaribu kuzima data kuanzia chakula cha jioni hadi asubuhi. Hata bando litadumu zaidi.

Usiku simu isilale kitandani. Najua wengi wetu tunaishi chumba kimoja na soketi ni moja. Iweke basi juu ya meza au kabati, mahali ambapo lazima usimame kuifikia. Kengele ya asubuhi utaisikia kutoka hapo, na utaamka kweli. Zima pia ile milio ya kila ujumbe, ubakishe mlio wa kupigiwa tu. Kama una binti anayekusaidia na mtoto, usimnyang'anye simu, kwa maana ni mtu mzima na ana kwao. Kubalianeni tu saa: wakati wa kumlisha, wa kumwogesha na wa jiko kuwaka, simu zenu zote mbili ziko juu ya kabati. Yako na yake. Ukimwekea sheria ambayo wewe huifuati, ukitoka tu mlangoni imekufa.

Akina baba wanaotusikiliza, hata nyinyi. Mtoto anayemkimbilia baba jioni na kukuta kisogo cha simu, kesho hatakimbia kwa kasi ileile.

Nyanya mmoja aliniuliza kliniki juma lililopita, "Na mimi nisiyejua kusoma hizo WhatsApp, nifanyeje binti yangu akishinda humo?" Nilimwambia ampokee mtoto, amwimbie, amsimulie hadithi zile alizosimuliwa yeye, na mama akiuliza kwa nini mtoto anacheka sana, amwambie aje atazame.

Juma lijalo saa kama hizi tutazungumza juu ya minyoo. Kiweke kitabu cha kliniki karibu nawe, kwa sababu tutafungua pamoja sehemu ya dawa ya minyoo na vitamini A tuone kama mtoto wako amekwisha kupata zake. Kwaheri kwa sasa.